Uhamaji wa Wachongaji wa Kimakonde Wasio na Mkataba wa Kazi: Kutoka Ruvuma, Newala na Masasi hadi Dar es Salaam

Utangulizi

Historia ya uhamaji wa wafanyakazi katika Tanganyika imeandikwa zaidi kwa kumfuata manamba. Sababu yake inaeleweka. Manamba aliandikishwa, akapewa namba, akasafirishwa kwa gharama ya mwajiri na kuhesabiwa shambani kila mwezi. Popote alipopita aliacha karatasi. Mtu aliyefunga tezo na patasi zake katika kitambaa, akavuka Ruvuma na kuupanda uwanda wa Newala bila kuitwa na yeyote, hakuacha karatasi. Aliacha vinyago. Makala haya yanamfuata huyu wa pili, yaani fundi mwenye ujuzi aliyeingia katika nchi isiyokuwa yake pasipo ahadi ya kazi. Yanachunguza alivyoishi mpaka ujuzi wake ulipopata mnunuzi, na nani aliyeamua thamani ya ujuzi huo.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kukosa mkataba hakukuwa upungufu mtupu. Kulikuwa na faida zake na gharama zake, na mara nyingi hatima ya mhamaji haikutegemea ubora wa mkono wake kama ilivyomtegemea mtu wa kwanza aliyempokea: ndugu, mwenye duka, au dola. Hoja hii inapingana na simulizi mbili zilizozoeleka, ile inayomwona mchongaji wa Kimakonde kama msanii aliyezuka mjini kwa kipaji tu, na ile inayomhesabu kuwa tawi dogo la nguvukazi ya mkonge.

Eneo na watu wake

Masasi na Newala hutajwa kwa pamoja kana kwamba ni mahali pamoja, lakini kijiografia zinatofautiana sana. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, ambapo mtu akisimama hutazama chini bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Ardhi ya juu hunyonya mvua upesi, na kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani walishuka mabondeni kuchota maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Masasi iko chini, katikati ya milima ya mawe, kwenye njia panda ya barabara za Newala, Tunduru, Nachingwea na pwani. Mkomaindo, ambako ndiko iliko hospitali ya Masasi, ni sehemu ya njia panda hiyo. Anayetoka uwandani kwenda bara, au anayetoka Ruvuma kwa njia ya magharibi kwenda Lindi, hawezi kulikwepa eneo hili kwa urahisi.

Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto. Wale wa kusini, waliokusanyika zaidi kwenye uwanda wa Mueda, waliitwa Wamawia walipofika Tanganyika, na jina hilo halikuwa la heshima. Lilibeba hofu ya chale za usoni, meno yaliyochongwa na ndonya ya mdomo wa juu, na lilibeba pia sifa ya watu wasiotawalika. Ikumbukwe kwamba Wareno hawakuushika uwanda wa Mueda kwa ukamilifu mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ukoo wa Kimakonde hufuata upande wa mama, hivyo kijana alikuwa na haki na wajibu kwa mjomba wake kuliko kwa baba yake. Jambo hili linaonekana dogo, lakini litarudi kila mara hapa chini, kwa kuwa kwa mhamaji asiye na mkataba mjomba ndiye aliyekuwa mkataba.

Manamba, kipande na wanaojiendea

Mpaka kati ya Tanganyika na Msumbiji ulikuwa mto, na wakati wa kiangazi mto huo huvukika kwa miguu mahali pengi. Upande wa kusini kulikuwa na kodi, kazi ya kulazimishwa na, kuanzia mwaka 1938, kilimo cha pamba cha shuruti ambacho kiliwanyang'anya watu muda wa kulima chakula. Upande wa kaskazini kulikuwa na kodi pia, na viboko pia, lakini kulikuwa na mshahara ambao mtu angeweza kuuchukua na kuondoka nao. Tofauti hiyo ilitosha. Maelfu ya watu wa Mueda walivuka, na wengi wao waliishia kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Tanga na Morogoro.

Serikali na waajiri waliwagawa wafanyakazi katika makundi. Kundi la kwanza lilikuwa la wenye mkataba, waliokusanywa na mawakala, na baada ya mwaka 1944 na ofisi ya pamoja ya wenye mashamba ya mkonge iliyojulikana kama SILABU. Hawa ndio manamba halisi. Walipewa chakula cha safari, blanketi na mahali pa kulala, na hawakuruhusiwa kuondoka kabla ya muda wao kwisha. Kundi la pili lilikuwa la wale waliofika wenyewe lango la shamba na kuchukua kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Siku ambayo mtu hakwenda kazini haikutiwa alama, na kadi ikijaa alilipwa. Maafisa wengi waliwaona watu wa kundi hili kuwa wavivu na wasiotegemeka. Mtazamo huo unastahili kusomwa kinyume: mtu wa kipande alikuwa na siku zake mwenyewe, na mwenye siku zake anaweza kuchonga.

Hapa ndipo ufundi ulipojipenyeza. Mchongaji aliyetoka Mueda au Newala hakujitangaza kuwa mchongaji, kwa sababu hapakuwa na mwajiri aliyemtafuta mchongaji. Hakuna shamba lililokuwa na nafasi hiyo katika orodha yake ya mishahara. Alikata mkonge au alilinda ghala, na jioni akatoa patasi. Ujuzi ulisafiri umefichwa ndani ya kazi isiyohitaji ujuzi. Hali hii si ngeni kwa wahamaji wa leo wenye shahada wanaoendesha teksi katika miji ya ughaibuni, ingawa wao wana vyeti vya kuonyesha na yeye alikuwa na gogo.

Kulikuwa pia na aina ya tatu ya msafiri, ambayo husahauliwa katika mijadala ya namna hii. Misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyofika Masasi mwaka 1876 ikiongozwa na Askofu Edward Steere pamoja na kundi la watumwa waliokombolewa, ilijenga mtandao wa walimu, wahudumu wa kanisa na baadaye wauguzi. Kijana wa Masasi aliyepelekwa Kiungani, Zanzibar, kusoma, alisafiri akiwa na barua na akarudi akiwa na kituo kinachomsubiri. Ujuzi wake ulitambuliwa kabla hajaondoka, na taasisi ileile iliyomfundisha ndiyo iliyompangia kazi. Kwake swali la ahadi ya kazi halikuzuka. Kwa hiyo katika wilaya moja, pengine katika ukoo mmoja, waliweza kupatikana ndugu watatu: mmoja mwenye barua, mmoja mwenye namba, na mmoja mwenye patasi tu.

Ufundi uliobadilika njiani

Haifai kudhani kwamba mchongaji aliondoka kwao na bidhaa iliyo tayari kuuzwa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Miongoni mwa alivyovikuta ni vinyago vya kuvaa na sanamu za mbao. Vinyago hivyo, vinavyoitwa mapiko upande wa Msumbiji, vilichongwa kwa mti laini na mwepesi, kwa kuwa mchezaji alipaswa kuvivaa na kucheza. Vilihusiana na jando na unyago, na wanawake na watoto hawakutakiwa kujua nani yumo ndani. Thamani yake ilikuwa katika ngoma, wala havikuwekwa rafuni.

Mpingo ni habari nyingine. Ni mti mgumu unaovunja makali ya patasi, wenye kiini cheusi na ganda jeupe la nje, na uzito wake haufai kuvaliwa usoni. Mchongaji aliugeukia mpingo kwa sababu ya mnunuzi. Wareno, Wahindi wenye maduka, wamisionari na mabaharia walitaka kitu cheusi, kizito, kinachong'aa na kinachoingia katika sanduku. Kwa hiyo safari ya mchongaji ilianza kabla ya kuvuka mto, pale alipoacha kuchonga kwa ajili ya ngoma ya kijijini na kuanza kuchonga kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Sanamu zilizotokea kwanza zilikuwa za kawaida: mwanamke akitwanga, mzee na mkongojo, mama na mtoto. Baadhi ya wataalamu wa sanaa huzidharau kuwa ni bidhaa za watalii. Dharau hiyo haina msaada kwa mwanahistoria, kwani ndizo zilizolipa kodi na nauli.

Duka la mjini kama ofisi ya ajira

Safari ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ndefu. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko na mvua za masika ziliikata barabara ya kusini kwa miezi. Wenye nauli walipanda meli au jahazi Lindi, Mikindani au Mtwara; wasio nayo walitembea kwa vituo, wakifanya kazi hapa mwezi mmoja na pale miezi miwili. Hivyo mtu angeweza kuchukua miaka kutoka Newala hadi Dar es Salaam, na mashamba ya mkonge yalikuwa vituo vya njiani kwa mtu ambaye huenda hakuwa ameamua anakwenda wapi.

Katika miaka ya 1950 wachongaji waliofika mjini walikaa pembezoni, kandokando ya barabara kuu na katika vitongoji kama Mtoni. Walichonga chini ya miembe na kubeba vinyago kwenda kuviuza katikati ya mji. Mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, ndiye anayetajwa zaidi kuwa mnunuzi aliyejenga uhusiano wa kudumu nao. Aliwapa magogo ya mpingo, alinunua kwa bei aliyoipanga, na aliwahimiza waliokuwa na mawazo mapya wasirudie sanamu zilezile. Duka lake lilifanya kazi iliyokuwa ya ofisi ya ajira, benki na shule ya sanaa kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mkataba wa maandishi. Kulikuwa na mlango ambao mtu aliujua, na jina la ndugu aliyemtangulia.

Simulizi inayorudiwa mara nyingi kuhusu Samaki Likankoa inatokana na mazingira hayo. Inasemwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na kinyago kilichovunjika, na badala ya kukitupa alikigeuza kuwa kiumbe chenye viungo vilivyopotoka, kinachofanana na pepo wa porini. Peera alikipenda, kikauzwa, na mtindo wa shetani ukazaliwa. Simulizi ina sura ya ngano na ina matoleo zaidi ya moja. Haifai kuchukuliwa neno kwa neno. Lakini kiini chake ni cha kuaminika na kinahusu uchumi zaidi ya sanaa. Fundi anayelipwa kwa kipande cha kazi hawezi kutupa gogo. Kosa la patasi ni hasara yake mwenyewe, si ya mwajiri, na mwajiri mwenyewe hayupo. Uhuru wa kubuni na hofu ya kulala njaa vilitoka katika hali moja.

Mfano wa Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji katika kipindi hichohicho, unaongeza jambo lingine. Yeye ndiye anayehusishwa na mnara wa watu waliobebana, ulioanza kama taswira ya bingwa wa mieleka akiinuliwa na wenzake na kuitwa dimoongo, yaani nguvu. Baada ya siasa ya Ujamaa kutangazwa, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnara huo ulipewa jina la ujamaa na kuwa zawadi iliyopendwa na serikali. Mhamaji aliyeingia bila karatasi akawa ametengeneza nembo ya taifa lililompokea. Inafaa kusisitiza mfuatano wa matukio, kwa sababu vitabu vya watalii huugeuza: umbo lilitangulia, siasa ikafuata.

Bei ni upande wenye giza zaidi wa uhusiano huu. Mchongaji asiye na mkataba hakuwa na njia ya kujua kinyago chake kiliuzwa kiasi gani Ulaya au Marekani, wala hakuwa na chama cha kumsemea. Vyama vya ushirika vya wachongaji, shirika la umma lililonunua vinyago katika miaka ya 1970 na baadaye kijiji cha Mwenge vilijaribu kulijibu tatizo hilo kwa viwango tofauti. Hata hivyo ni kosa kumchora Peera kama mnyonyaji tu. Alibeba hatari ya kununua vitu ambavyo hakuna aliyejua kama vitauzika, na wachongaji waliomkimbia mara nyingi walirudi kwake.

Mlinzi wa usiku

Kisa kinachoeleza vizuri zaidi uhamaji wa fundi asiye na ahadi ni cha George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 katika eneo la Masasi, kwa wazazi Wamakonde wenye asili ya Msumbiji, na alijifunza kuchonga kwa desturi ya kwao. Alihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo Nyumba ya Sanaa ilikuwa imeanzishwa, 1972, na mtawa Mmarekani Jean Pruitt. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji huko. Alichompatia mpwa wake hakikuwa nafasi ya msanii. Kilikuwa kazi ya ulinzi wa usiku.

Mtu wa karibu miaka 40, mwenye ujuzi wa miaka mingi, alilinda jengo ambamo wengine walilipwa kwa kufanya kile alichokijua. Baadaye kazi zake zilionekana, akapewa nafasi, akajifunza kuchora kwenye karatasi na turubai, na mwaka 1978 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya wasanii wa Kiafrika mjini Washington. Alifariki mwaka 2005 akiwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Mwenzake wa kizazi kimoja, John Fundi, aliyezaliwa Msumbiji na kuchonga Dar es Salaam, alishirikishwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1989.

Ni rahisi kukisoma kisa cha Lilanga kama ushindi wa kipaji. Lakini mhimili wake ni mjomba. Bila Malaba hakuna ulinzi, na bila ulinzi hakuna mtu wa kuziona kazi zake. Walinzi wa usiku waliobaki walinzi hawakuingia katika katalogi yoyote, na idadi yao bila shaka ni kubwa kuliko ya waliofaulu.

Karatasi

Mwaka uleule wa Azimio la Arusha, 1967, Kanada ilianzisha mfumo wa alama ambao ulimwezesha mgeni kuomba kuhamia huko hata kabla ya kupata mwajiri, kwa kupimwa elimu, umri, lugha na kazi anayoijua. Baadaye nchi nyingine ziliiga. Katika mfumo huo muuguzi aliyesomea kazi yake na kupitia wodi za Mkomaindo ana kitu cha kuweka mezani, kwa kuwa ujuzi wake umeandikwa. Mchongaji wa Newala asingefika mbali. Mizani ya dola hupima cheti. Mizani ya duka la Dar es Salaam ilipima kinyago chenyewe, na ndiyo maana ilimpokea.

Lakini duka haliwezi kutoa uraia. Wahamaji wa Kimakonde walilitambua hilo mapema, na vyama vyao vya kusaidiana katika Tanganyika na Kenya vilichangia kuzaliwa kwa MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana kuunda FRELIMO mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Miaka miwili kabla, tarehe 16 Juni 1960, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka kwa Wamakonde wa Tanganyika, walikuwa Mueda kuzungumza na wakuu wa Kireno, na haki ya wahamaji kurudi kwao ilikuwa sehemu ya madai. Walikamatwa, na umati uliokusanyika ulipigwa risasi. Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa: simulizi rasmi ya Msumbiji husema 600, na watafiti wengine hutaja idadi ndogo sana. Ukweli kwamba mkutano huo ulianzishwa na watu wa ng'ambo ya mto haujapewa uzito unaostahili katika historia za upande wa Tanzania.

Kenya inatoa ulinganisho unaogeuza matarajio. Wamakonde waliopelekwa huko kuanzia miaka ya 1930 wengi walikwenda kwa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Walikuwa na kile ambacho wachongaji wa Dar es Salaam hawakuwa nacho: mwajiri aliyewaita. Mikataba ilipokwisha na mashamba yalipodorora, wao na watoto wao walibaki Kwale bila vitambulisho, wasiweze kufungua akaunti ya benki wala kusajili ndoa kwa urahisi. Wengi waliishi kwa kuchonga, na vinyago vyao viliuzwa katika hoteli za Diani na watu wengine kwa kuwa wao wenyewe waliogopa kukamatwa. Oktoba 2016 mamia yao waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, na kuagiza waandikishwe kabla ya mwisho wa mwaka huo. Vitambulisho vya kwanza vilitolewa mwanzoni mwa mwaka 2017, na Wamakonde wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Upande wa kusini, Daraja la Umoja lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, na barabara inayoliendea inapitia Masasi. Anayevuka sasa huonyesha hati kwenye dirisha la ofisi ya uhamiaji. Chini ya daraja, kiangazi kinapofika na maji kupungua, mto bado unavukika kwa miguu.